Uwanja wa Ndege wa Msalato na Suala la Fidia: Ufafanuzi kwa Watumishi wa Umma na Wananchi

Uwanja wa ndege ni miongoni mwa kazi za Serikali zinazohitaji ardhi nyingi kwa mara moja. Barabara hupita pembeni mwa shamba, na shule huhitaji ekari chache. Lakini uwanja wa ndege wa kimataifa huchukua eneo zima, pamoja na nyumba, mashamba, malisho, visima na makaburi yaliyomo ndani yake. Kwa sababu hiyo, viwanja vingi vikubwa, vya Tanzania na vya kwingineko, vimejengwa au kupanuliwa huku zikisikika sauti za watu wanaopinga au wanaolalamika. Makala haya yanaeleza chanzo cha sauti hizo kwa kuangalia mradi wa Msalato mkoani Dodoma, namna sheria inavyoagiza, na yale yanayompasa kila mhusika, awe mtumishi au mwananchi.

ASILI YA MRADI

Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa na chama cha TANU mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kwa jina la CDA. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 40 sehemu kubwa ya kazi za Serikali iliendelea kufanyika Dar es Salaam. Hali hiyo ilibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma, na mwaka 2018 Bunge likatunga sheria inayoitambua Dodoma kuwa Makao Makuu.

Uwanja wa ndege uliokuwapo ulikuwa katikati ya mji. Mwaka 2016 njia yake ya kurukia ndege ilirefushwa hadi kufikia mita 2,500 hivi, ili uweze kupokea ndege za pangaboi za aina ya Bombardier Q400. Nafasi ya kuupanua zaidi ilikuwa finyu, kwa kuwa makazi ya watu yameuzunguka. Kupanua usafiri wa anga wa Makao Makuu kulimaanisha kutoka nje ya mji, na mahali palipochaguliwa ni Msalato, kilomita zipatazo 12 kaskazini mwa jiji, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha.

Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mikopo ipatayo dola za Marekani milioni 272 kwa ajili ya mradi huo. Usimamizi wa ujenzi ulikabidhiwa Wakala wa Barabara, TANROADS, na Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi. Mpango ulihusu njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6, jengo la abiria, mnara wa kuongozea ndege na huduma nyinginezo.

JAMBO LINALOPINGWA

Ni vyema ikaeleweka mapema kwamba mwananchi anayelalamika kuhusu uwanja wa ndege si lazima awe anaupinga uwanja wenyewe. Malalamiko yanayohusu miradi ya namna hii kwa kawaida ni ya aina nne. La kwanza ni kiwango cha fidia. La pili ni muda unaopita kati ya tathmini na malipo. La tatu ni kusahauliwa, yaani mtu ambaye shamba lake limo ndani ya mipaka lakini jina lake halimo katika jedwali. La nne ni hatima ya maisha baada ya kuhama, hasa kwa mkulima ambaye hana kazi nyingine.

Kati ya hayo manne, linalozaa chuki ya kudumu ni la muda. Kiwango kinaweza kujadiliwa, jina lililosahauliwa linaweza kuingizwa, na hatima inaweza kupangwa. Muda uliopotea haurudi, na katika kipindi hicho chote mwenye mali huwa amefungwa mikono. Akishathaminiwa huambiwa asijenge, asiongeze chumba wala asipande mazao ya kudumu, kwa sababu chochote kitakachoongezwa baada ya tathmini hakitahesabiwa. Nyumba huanza kuchakaa na hakuna anayeikarabati; shamba huwa si lake tena, wala halijawa la Serikali.

Kwa mkaazi wa nyanda za kati jambo hili lina uzito wa pekee. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza takriban Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na kiasi cha mvua ni kidogo. Mtama na uwele hupandwa mara moja kwa mwaka. Mtu akizuiwa kulima Novemba, hata kama atalipwa fedha zake Mei, amekwisha kupoteza chakula cha mwaka mzima. Mzabibu, ambao katika mkoa huo huvunwa mara mbili kwa mwaka, unahitaji miaka kadhaa ya matunzo kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo anayeondoka kwenye shamba la mizabibu haanzi tena kuvuna siku anayofika kwenye ardhi mpya. Mfugaji naye anapohamishwa hupoteza malisho na mahali pa kunyweshea mifugo, vitu ambavyo mara nyingi havikuwa mali ya mtu mmoja, na kwa hiyo ni vigumu kuviona katika jedwali la fidia.

Liko pia suala la kumbukumbu. Wakati wa CDA migogoro ya viwanja na mashamba ilikuwa mingi Dodoma, na Rais Magufuli alipoivunja mamlaka hiyo tarehe 15 Mei 2017 na kukabidhi kazi zake kwa halmashauri, malalamiko ya wananchi kuhusu ardhi yalikuwa ni moja ya sababu alizozitaja. Afisa anayekwenda kwa wananchi wa Dodoma akiwa na ramani na mawe ya mipaka hana budi kukumbuka kwamba baba au babu wa anayezungumza naye huenda aliwahi kusimama mbele ya ramani nyingine.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila ya idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi nayo ni mali inayolindwa na ibara hiyo. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kwa mkulima asiyekuwa na hati yoyote mkononi.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, baada ya kutoa notisi kwa wanaohusika. Mgogoro kuhusu fidia usipomalizwa kwa maelewano ndani ya wiki sita tangu notisi kutangazwa, unaweza kupelekwa Mahakama Kuu.

Kwa miaka mingi kilicholipwa kilikuwa ni maendelezo tu, yaani nyumba, miti na mazao. Ardhi yenyewe haikuhesabiwa kuwa na bei. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilibadilisha jambo hilo. Zinatamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Kanuni za tathmini za mwaka 2001 zinataja mambo yanayopasa kuhesabiwa:

1. Thamani ya ardhi na ya maendelezo yaliyomo.

2. Posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani ya ardhi kwa wastani wa riba inayotolewa na mabenki ya biashara kwa amana za muda maalumu za miezi 12. Kwa mfano, ardhi ikiwa na thamani ya shilingi 4,000,000 na wastani wa riba ukiwa asilimia 8, posho hiyo itakuwa shilingi 320,000.

3. Posho ya usafiri, ambayo ni gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20.

4. Posho ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya nyumba kwa mwezi ikizidishwa kwa miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi itamletea mwenyewe shilingi 1,080,000.

5. Fidia ya kupoteza faida, kwa mwenye biashara, ambayo ni faida halisi ya mwezi ikizidishwa kwa miezi 36.

Inapasa kuzingatiwa kwamba posho ya usafiri, posho ya makazi na fidia ya faida hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa. Hapa ndipo majirani wawili wanapojikuta na hundi zinazotofautiana sana ingawa mashamba yao yanalingana: mmoja alijenga na kuishi shambani, mwingine alikuwa akija kulima na kurudi kijijini. Tofauti hiyo isipoelezwa mapema, huonekana kuwa ni upendeleo.

Kuhusu muda, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya tathmini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ikichelewa, riba huanza kuhesabiwa. Miaka miwili ikipita bila ya malipo, tathmini hupoteza nguvu na inapaswa kufanywa upya. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, inayoelekeza namna ya kutoa notisi kwa ndugu na kuhamisha mabaki kwa heshima.

Mradi unapogharamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, masharti ya benki hiyo nayo huhusika. Kwa utaratibu wa ndani, mthamini hupunguza thamani ya nyumba kwa kadiri ilivyochakaa. Masharti ya benki yanataka mtu alipwe gharama ya kuijenga upya mali ileile bila ya kupunguza uchakavu, tena alipwe kabla ya kuondolewa. Nyumba ya tembe iliyodumu miaka 30 ni kitu kidogo katika hesabu ya kwanza, lakini katika hesabu ya pili ni nyumba kamili. Benki hiyo pia ina chombo huru cha kupokea malalamiko ya watu wanaoathiriwa na miradi inayoikopesha, na mwananchi ana haki ya kukitumia baada ya kuzungumza na wasimamizi wa mradi bila ya mafanikio.

FUNZO LA KIPAWA NA KIPUNGUNI

Madhara ya kuchelewa yalionekana wazi Dar es Salaam katika upanuzi wa uwanja unaoitwa sasa Julius Nyerere. Wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walifanyiwa tathmini mwaka 1997. Sehemu kubwa ya wakazi wa Kipawa walilipwa baada ya zaidi ya miaka kumi, takriban 2009 na 2010, na wengi wakahamia upande wa Pugu. Katika kipindi hicho Sheria ya Ardhi ilikuwa imebadilika, bei za saruji na mabati zilikuwa zimepanda, na watoto waliokuwa wachanga siku ya tathmini walikuwa wamekwisha kuingia shule ya sekondari. Wananchi walihoji kwa nini walipwe kwa hesabu za sheria ya zamani, na shauri hilo likaenda hadi mahakamani.

Kwa upande wa Kipunguni, jambo hilo liliendelea kuulizwa Bungeni hata baada ya miaka 20 na zaidi. Jengo la tatu la abiria lilizinduliwa Agosti 2019, na wakati huo wapo waliokuwa bado wanasubiri. Katika muda wote huo hoja kubwa ya wakaazi hao haikuwa kwamba uwanja usijengwe. Waliomba walipwe waondoke, au waachiwe waendeleze nyumba zao. Kunyimwa yote mawili ndiko kulikoligeuza suala la fedha kuwa suala la heshima.

MIFANO YA NCHI NYINGINE

Nchini Uganda, vijiji 13 vya Kabaale wilayani Hoima vilianza kuhamishwa mwaka 2012 kupisha kiwanda cha kusafishia mafuta na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 7,000 waliguswa. Waliochagua kupewa nyumba na ardhi mpya badala ya fedha walisubiri miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa makazi yao Kyakaboga, huku majirani waliochukua fedha wakiwa wamekwisha kuondoka na huduma za kijiji zikiwa zimefifia.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Narita, nchini Japani. Mwaka 1966 Serikali ya nchi hiyo iliamua kujenga uwanja katika mashamba ya Sanrizuka bila ya kuwashauri wakulima. Mapambano yaliyofuata yaligharimu maisha ya watu, wakiwemo polisi, na mwaka 1978 ufunguzi ulilazimika kuahirishwa baada ya wapinzani kuuvamia mnara na kuharibu mitambo. Mwaka 1995 Waziri Mkuu Tomiichi Murayama aliomba radhi kwa namna Serikali ilivyolishughulikia jambo hilo. Hata hivyo, njia ya pili ilipofunguliwa mwaka 2002 ilikuwa na urefu wa mita 2,180 tu, pungufu ya ilivyokusudiwa, kwa sababu wapo wakulima waliokuwa hawajakubali kuuza. Miezi michache ya mashauriano iliyookolewa mwaka 1966 iligharimu zaidi ya miaka 30.

WANAOBAKI NG'AMBO YA UZIO

Mipaka ya athari za uwanja haiishi kwenye uzio. Kwa usalama wa ndege, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huweka ukomo wa urefu wa majengo, minara na hata miti katika njia ambazo ndege huzitumia kushuka na kupaa, na nchini Tanzania usimamizi wa jambo hilo uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Aliyebaki jirani hapati fidia ya kuhama, lakini anaweza kukuta hawezi kujenga ghorofa aliyoikusudia. Na anaisikia kelele ya injini. Njia za miguu na za mifugo zilizokuwa zikikatisha eneo hilo hufungwa, na mwendo wa nusu saa kwenda shuleni au zahanati unaweza kuongezeka maradufu. Jirani naye anastahili kuitwa katika mikutano, ingawa jina lake halimo katika jedwali.

YANAYOWAPASA WATUMISHI WA UMMA

Maafisa wa ardhi, watendaji wa kata na mitaa na wasimamizi wa miradi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(a) Tathmini isifanywe kabla ya fedha za fidia kutengwa. Kuthamini mali pasipo fedha ni kumfunga mwananchi bila ya kumlipa.

(b) Tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali itangazwe hadharani na kwa maandishi, na katika nyanda za kati izingatie msimu wa kilimo. Inapowezekana, mkulima aachwe avune kwanza.

(c) Kila aliyethaminiwa apewe nakala ya fomu yake, na jedwali lisomwe mbele ya mkutano wa mtaa au kijiji, ili aliyesahauliwa ajitokeze mapema.

(d) Malipo yakichelewa, wananchi waelezwe sababu na tarehe mpya. Ukimya wa ofisi huacha nafasi kwa uvumi.

(e) Malalamiko yaandikwe katika daftari na kujibiwa kwa maandishi. Kulalamika kuhusu fidia ni kutumia haki iliyowekwa na sheria, wala kusichukuliwe kuwa ni kupinga maendeleo.

YANAYOWAPASA WANANCHI

Mwananchi ambaye mali yake imo katika eneo la mradi anashauriwa awepo mwenyewe siku ya tathmini, pamoja na mwenzi wake na kiongozi wa mtaa, na ahakikishe kwamba kila nyumba, kisima, mti na kaburi limeandikwa. Asitie saini karatasi ambayo hakusomewa. Ahifadhi nakala ya fomu, notisi na picha iliyopigwa mbele ya mali yake, na aandike tarehe ya kila hatua, kwani haki ya riba na ya kuthaminiwa upya huhesabiwa kwa tarehe.

Wananchi wanatahadharishwa pia dhidi ya kujenga vibanda au kupanda miti kwa haraka baada ya kusikia habari za mradi. Vitu hivyo havitalipwa, na huwafanya maafisa kuwatilia shaka hata wale wenye madai ya kweli. Vivyo hivyo, asiyeridhika na kiwango apeleke pingamizi lake kwa maandishi mapema, kwa mtendaji, kwa halmashauri, kwa wasimamizi wa mradi na, ikibidi, mahakamani.

HITIMISHO

Makao Makuu ya nchi yanahitaji uwanja wa ndege unaolingana na hadhi yake, na wananchi wa Dodoma, ambao wameupokea uamuzi wa mwaka 1973 na matokeo yake yote, hawana sababu ya kuonekana kuwa kikwazo. Wanachostahili ni kwamba siku ya tathmini na siku ya malipo zisitenganishwe na miaka. Serikali inapolipa kwa wakati, aliyepisha mradi hununua shamba jingine kabla ya mvua kuanza, na uwanja hujengwa kwa amani. Inapochelewa, huendelea kulipa kwa riba, kwa kesi na kwa imani ya wananchi, ambayo hakuna jedwali la mthamini linaloweza kuikadiria.